TOM MBOYA WA RUSINGA: MTU ALIYEITUMIKIA SHERIA BILA KUWA WAKILI



Katika nchi ya Marekani alikuwako wakili mmoja jina lake Abraham Lincoln. Alizaliwa mwaka wa 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, na siku zote alizokaa shuleni, zikijumlishwa, hazitimizi mwaka mmoja. Hakuingia chuo chochote cha sheria. Aliazima vitabu, akavisoma peke yake baada ya kazi, hata mwaka wa 1836 akapewa ruhusa ya kutetea watu mahakamani. Alikuwa pia mjumbe wa baraza la jimbo lake la Illinois, kisha akawa mjumbe wa Bunge, na mwaka wa 1860 akachaguliwa kuwa Rais. Tarehe 1 Januari 1863 alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Mwezi wa Aprili 1865, vita vya ndani vya nchi yake vilipokuwa vinamalizika, alipigwa risasi, akafa.

Habari za mtu huyo zatajwa hapa kwa sababu watu wa pwani hii ya Ziwa Nyanza wanaye wao ambaye maisha yake yalifuata njia iliyofanana na hiyo. Naye alitoka katika nyumba ya mfanya kazi maskini. Naye alikatizwa masomo. Naye alijifunza sheria kwa kazi na si kwa cheti. Naye aliuawa kwa risasi. Mtu huyo ni Thomas Joseph Odhiambo Mboya, ambaye kaburi lake liko katika kisiwa cha Rusinga.

UTOTO NA MASOMO

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, wala hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa nyapara. Mama yake aliitwa Marcella. Wazazi wote wawili walikuwa watu wa Rusinga, lakini mtoto alikua kati ya watu wa makabila mengi waliokuja shambani kutafuta kazi, kwa hiyo tangu udogo wake alizoea kusema Kiswahili na Kikamba pamoja na lugha ya kwao. Jambo hilo lilikuja kumsaidia sana baadaye, kwa maana hakumwona mtu wa kabila jingine kuwa mgeni.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Kabaa, katika nchi ya Ukambani. Mwaka wa 1942 akaenda Yala, na mwaka wa 1946 akaingia shule ya Mangu. Hapo Mangu safari yake ya shule ilikoma. Baba yake hakuwa na fedha za kumlipia karo yeye na wadogo zake pamoja, na kijana akaona ni afadhali yeye atafute kazi ili wale wadogo wapate nafasi. Wazazi wengi wa Homa Bay na Migori wanaijua hesabu hiyo, kwa kuwa wameipiga katika nyumba zao wenyewe: ng'ombe waliobaki ni wangapi, na watoto wa kusomeshwa ni wangapi.

Mwaka wa 1948 alipata nafasi ya kujifunza kazi ya ubwana afya. Alipohitimu aliajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kukagua usafi wa maduka na mahoteli, na kupima maziwa. Mshahara wake ulikuwa mdogo sana kuliko wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia katika chumba cha kupimia maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Akamwuliza yule bibi kama macho yake yana kasoro. Jibu hilo lilimletea mashtaka kwa wakubwa, lakini aliona kwamba mtu asiyeonekana hawezi kudai haki yake, na kwamba kwanza budi aonekane.

KAZI YA VYAMA VYA WAFANYA KAZI

Watu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Bwana afya huyu kijana aliwakusanya wafanya kazi Waafrika wa Baraza la Mji, na kile kilichokuwa chama cha kuongea tu akakigeuza kuwa chama cha wafanya kazi kilichoandikishwa kwa sheria. Mwezi wa Oktoba 1952 Serikali ya Kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Jomo Kenyatta na viongozi wengine walikamatwa, na mwaka wa 1953 chama cha KAU, ambacho Mboya alikuwa mtunza fedha wake kwa muda, kilipigwa marufuku.

Mwaka huo huo wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi vya Kenya. Ulikuwa wakati mgumu. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi yalizunguka mji wa Nairobi, na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakachukuliwa na kutiwa kizuizini, wakiwemo viongozi wengi wa vyama. Vyama vya siasa vilikuwa vimefungwa vinywa. Ila sheria ya vyama vya wafanya kazi ilikuwa bado imeacha mlango mmoja wazi, naye Mboya aliusoma sana ule mlango, upana wake na urefu wake, akapita humo bila kuuvunja. Alijua kifungu gani chamruhusu kuita mkutano, na kifungu gani chamlazimu mwajiri kujibu barua.

Mwezi wa Machi 1955 wafanya kazi wa bandari ya Mombasa waligoma, na mji ukajaa hofu. Mboya alisafiri mpaka Mombasa, akasimama mbele ya wagomaji waliokuwa na hasira, akawaomba warudi kazini ili madai yao yapelekwe mbele ya baraza la usuluhishi. Wengine walidhani amenunuliwa. Lakini shauri liliposikizwa, makuli walipata nyongeza ya mshahara iliyokaribia theluthi moja. Tangu siku hiyo jina lake lilijulikana toka Kilindini hata Kisumu, nao waajiri wakatambua kwamba wamekutana na mtu anayekuja na hesabu mkononi.

BARAZANI NA MAHAKAMANI

Mwishoni mwa mwaka wa 1955 alikwenda Uingereza, akasoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, mambo ya wafanya kazi na waajiri. Kabla ya kurudi nyumbani mwaka wa 1956 alizuru Marekani kwa mara ya kwanza, akazungumza na viongozi wa wafanya kazi na watu weusi waliokuwa wakipigania haki zao huko.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Hata hivyo si kila mtu alipiga kura. Ilimpasa mpiga kura awe na masomo, au mali, au utumishi wa kiasi fulani, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura zaidi ya moja. Wajumbe waliochaguliwa walikuwa wanane. Wilaya ya Nyanza ya Kusini ilimpeleka Bwana Lawrence Oguda, Nyanza ya Kati ikampeleka Bwana Oginga Odinga, na Nairobi ikamchagua Mboya. Aliyeshindwa Nairobi alikuwa Bwana Argwings-Kodhek, wakili hodari aliyekuwa amewatetea watu wengi walioshtakiwa katika Hali ya Hatari. Hivyo mtu aliyekosa karo ya shule alimshinda mwanasheria, ingawa wote wawili walikuwa wakidai jambo moja.

Wajumbe hao wanane walikataa kushika uwaziri katika serikali ambayo watu wao walikuwa wengi nchini lakini wachache barazani. Mwaka wa 1958 Mboya na wenzake walishtakiwa mahakamani kwa sababu ya maneno makali waliyoandika juu ya Waafrika waliokubali kugombea viti vipya vya Katiba ya Lennox-Boyd. Walitetewa na wakili Mwingereza D. N. Pritt, yule aliyemtetea Kenyatta huko Kapenguria, wakatozwa faini. Mwezi wa Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 28 tu, Mboya aliketi katika kiti cha mwenyekiti wa Mkutano wa Watu wa Afrika Yote huko Accra, Ghana.

NDEGE ZA WANAFUNZI

Huenda hapana kazi yake iliyokumbukwa katika vijiji kuliko ile ya kuwapeleka vijana Marekani kusoma. Nafasi za chuo kikuu katika Afrika ya Mashariki zilikuwa haba, na uhuru ulikuwa unakaribia. Nani angeshika kazi za Serikali siku ya uhuru? Mboya, pamoja na Bwana Gikonyo Kiano na Bwana Kariuki Njiiri, waliomba vyuo vya Marekani viwapokee wanafunzi Waafrika bila karo, au kwa karo ndogo. Vyuo vingi vilikubali, lakini nauli ilikuwa kubwa mno. Basi marafiki wa Marekani, miongoni mwao Jackie Robinson mchezaji, na Harry Belafonte mwimbaji, walichanga fedha, na mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka ikiwa na wanafunzi 81.

Hata hivyo kazi haikufanywa na Wamarekani peke yao. Huku nyumbani, watu wa kijiji waliitana, huyu akatoa shilingi, huyu kuku, huyu mbuzi, ili mtoto wao apate nguo za kusafiria na fedha za mfukoni. Mwaka wa 1960 Mboya alikwenda kumwona Bwana John Kennedy, aliyekuwa akigombea Urais, na mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa safari ya pili. Mmoja wa waliopata nafasi mwaka huo alikuwa msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, ambaye mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hadi mwaka wa 1963 wanafunzi waliosafirishwa walikuwa wapata 800.

Mwaka huo wa 1959 kijana mwingine alikwenda Marekani kwa njia yake mwenyewe, akisaidiwa na wanawake wawili Wamarekani. Jina lake lilikuwa Barack Obama, na ukoo wake ulikaa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, kabla baba yake hajahamia Alego. Habari zake zitarudi hapa chini.

MWANASHERIA WA MAREKANI KATIKA JUMBA LA LANCASTER

Mwezi wa Januari 1960 mkutano wa Katiba ya Kenya ulifunguliwa katika Jumba la Lancaster, London. Wajumbe Waafrika walihitaji mshauri wa sheria. Mboya alimwita Thurgood Marshall, wakili mweusi wa Marekani ambaye mwaka wa 1954 aliwashinda mahakamani wale waliowatenga watoto weusi katika shule. Babu zake Marshall walikuwa watumwa, watu wa kizazi kile kilichofunguliwa na vita vya wakati wa Lincoln. Sasa mjukuu wao aliketi na Waafrika akiandika sharti za haki za raia kwa ajili ya Kenya mpya.

Yafaa jambo moja lifikiriwe hapo. Marshall alishika sana kwamba katiba iwalinde na walio wachache, yaani Wazungu na Wahindi, nchi itakapokuwa mikononi mwa Waafrika. Yeye alikuwa ametumia maisha yake kuwatetea walio wachache katika nchi yake, wala hakuona sababu ya kugeuza maneno kwa kuwa hapa walio wachache ni wengine. Haki inayomlinda rafiki peke yake ni upendeleo tu.

Mwaka huo chama cha KANU kilianzishwa, na Mboya akawa Katibu Mkuu wake. Mwaka wa 1962 alikuwa Waziri wa Kazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walitia sahihi Mapatano ya Kazi, ambayo yaliweka njia ya kusuluhisha magomvi kabla ya mgomo. Mwaka wa 1963 alifanywa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba. Yule bwana afya wa zamani, asiye na shahada ya sheria wala joho la uwakili, ndiye aliyeshika wizara ya sheria Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963.

MAWAZO YALIYOPINGWA

Si haki kumsifu mtu kwa yote. Mwishoni mwa mwaka wa 1964 Mboya alihamishiwa Wizara ya Mipango ya Uchumi, na mwaka wa 1965 Serikali ilitoa Waraka Namba 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, ambao yeye alikuwa na mkono mkubwa katika kuutunga. Waraka huo ulisema kwamba fedha za maendeleo zitiwe kwanza mahali ambapo zitaleta faida upesi, yaani penye ardhi njema, mvua, barabara, na watu walio tayari. Kwa hesabu ya mwenye kutaka nchi itajirike haraka, shauri hilo lilikuwa na maana. Lakini sehemu zisizo na reli wala chai wala kahawa ziliambiwa zingoje, na kungoja kwao kukawa kurefu. Watu wa pwani ya Mbita, wa Suba na wa Nyatike wanajua kungoja barabara na maji ni nini.

Aliyetoa sauti mapema ni yule Barack Obama, aliyekuwa amerudi na elimu ya uchumi. Mwaka huo huo wa 1965 aliandika katika jarida moja la Afrika ya Mashariki akiuliza utajiri huo utagawanywaje, na mwananchi wa kawaida atapata nini wakati wachache wanapojilimbikizia mali. Hivyo watu wawili wenye asili ya pwani moja ya ziwa walipingana wazi, kwa kalamu, wala hawakuacha kuwa marafiki. Mwaka wa 2010 Wakenya walipitisha Katiba mpya iliyoleta serikali za kaunti, na mfuko maalumu wa kuzisaidia sehemu zilizoachwa nyuma. Ugomvi ule wa mwaka wa 1965 ulikuwa umepata jibu lake, ingawa kwa kuchelewa.

Katika siasa pia Mboya alipingana vikali na Bwana Odinga, na mkutano wa KANU wa Limuru wa mwezi wa Machi 1966, ambao ulimwondoa Odinga katika kiti cha makamu, ulipangwa kwa mkono wake. Wengi wa nyumbani kwake walimhesabu kuwa amewaacha. Yeye alitaka kuhesabiwa kuwa Mkenya, wala hakutaka kuwa mkubwa wa kabila.

SIKU YA KIFO

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, yapata saa saba mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa katika Barabara ya Government, Nairobi, ambayo sasa yaitwa Moi Avenue. Alipigwa risasi mlangoni, akafa. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Mtu mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alishtakiwa na kuhukumiwa kifo, na Barack Obama alikuwa miongoni mwa mashahidi waliosimama mahakamani. Kama alitumwa na mtu mwingine, jambo hilo halikupata kuelezwa mbele ya wananchi.

Msiba uliipasua nchi. Waluo waliokuwa wamegawanyika kwa ajili ya Mboya na Odinga walilia pamoja, lakini kilio kile kikawa hasira kati ya kabila na kabila, na kabla mwaka haujaisha damu ilimwagika Kisumu, chama cha KPU kikapigwa marufuku, na Odinga akatiwa kizuizini. Jambo ambalo Mboya alilichukia kuliko yote, yaani ukabila, ndilo lililokua juu ya kaburi lake. Maiti yake ilichukuliwa kwa msafara mrefu wa motokaa toka Nairobi mpaka ziwani, ikazikwa Rusinga.

MWISHO

Zilipita karibu miaka 40. Tarehe 10 Februari 2007, mbele ya jengo la zamani la baraza la Springfield, Illinois, mahali alipohutubia wakili Abraham Lincoln mwaka wa 1858, alisimama wakili mwingine wa Illinois akatangaza kwamba anagombea Urais wa Marekani. Jina lake ni Barack Obama, mtoto wa yule mwandishi wa mwaka wa 1965. Tarehe 20 Januari 2009 aliapishwa akiwa ameweka mkono juu ya Biblia iliyotumiwa na Lincoln. Siku hiyo wazee wa Kanyadhiang na wa Kogelo walicheza ngoma.

Basi wakili wa Illinois, na bwana afya wa Rusinga, na mchumi wa Kanyadhiang, habari zao zimeshikana kama nyuzi za wavu mmoja. Mvuvi wa ziwani ajua kwamba uzi mmoja hauvui samaki, na kwamba tundu moja likiachwa huwa njia ya samaki wote.

Leo mji wa Homa Bay una Chuo Kikuu chenye jina la Tom Mboya, na Rongo, katika Kaunti ya Migori, kuna chuo kikuu kingine. Kijana wa sehemu hizi hana haja ya kungoja ndege ya Marekani ili asome sheria. Lakini karo bado ni karo, na wako watakaokatizwa masomo kama alivyokatizwa Mboya. Hao wasidhani mlango umefungwa. Wasome sheria zinazohusu kazi yao, ardhi yao na kura yao, wajue kila kifungu chawapa nini. Na wale watakaofika mbali zaidi, wakawa mawakili na wajumbe, wakumbuke lile funzo la Jumba la Lancaster: sheria njema ni ile ambayo mtu angeikubali hata kama kesho yeye ndiye atakuwa miongoni mwa walio wachache.